Jiwe la Mafuriko la Firmin Chabrolle

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka fundi mwashi Firmin Chabrolle wa hapa hapa Vaudrelle. Amefariki akiwa na miaka themanini na mbili. Nusu ya ukuta wetu wa mto Loire aliijenga yeye. Nusu nyingine aliilaumu.

Mnalijua jiwe la mafuriko pale ukutani, lenye mstari na mwaka 1856, la kuonyesha maji yalifika wapi. Ukuta ulipobomoka, Firmin ndiye aliyeujenga upya. Jiwe lilikuwa safu ya tisa kutoka chini. Akalirudisha safu ya tisa. Shida ni kwamba mawe mapya yalikuwa manene kuliko ya zamani. Jiwe likapanda zaidi ya mita moja.

Mji mzima ukavimba kichwa, eti mafuriko yetu ndiyo yaliyokuwa makubwa. Wale wa ng'ambo ya mto, ambao alama yao iko chini, tuliwacheka miaka thelathini. Meya Roussin akachapisha hadi kadi za posta zenye picha ya jiwe.

Aliyegundua ni Solange, mwoka mikate.

"Firmin, bibi wa bibi yangu alipona kwa kupanda juu ya meza. Kwa jiwe lako hili, alikufa maji. Sasa mimi nimetoka wapi?"

Firmin akaenda kupima. Aliporudi nyumbani hakugusa mvinyo. Mkewe, Bi Odile, anasema hapo ndipo alipojua mambo ni mazito.

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: jiwe lishuke kabla hajafa.

"Mzee, liache," meya alimwambia. "Unataka wale wa ng'ambo watuoneje?"

"Waone tulilowa sawa na wao."

Miaka minne aliomba. Miaka minne meya alikataa. Firmin akafa, jiwe liko juu.

Siku ya mazishi, Bi Odile alisimamisha jeneza mbele ya ukuta.

"Bwana meya, mume wangu hapiti hapa mpaka jiwe lishuke. Mimi kiti ninacho."

Akakikunjua, akaketi. Mvua ikaanza. Meya akatazama mawingu, akatazama viatu vyake, akaagiza ngazi. Ngazi ilitoka ng'ambo. Waliileta mbio.

Jiwe likashuka. Pengo lililobaki juu likazibwa kwa jiwe jipya, lenye mstari wake: "Firmin alifika hapa."

Bi Odile, wewe na wanao, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, kila mtu ajipime alipokosea. Mwenye jiwe la kushusha, ngazi ya wale wa ng'ambo hatujairudisha, bado ipo kwa Solange.