Valens Nduwayo, Aliyehesabu Pumzi za Maiti wa Sinema

Familia ya marehemu Valens Nduwayo inawashukuru wote mliopanda mpaka makaburi ya Rusororo asubuhi hii, Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025. Wasifu huu unasomwa na mpwa wake Christella, mtoto wa dada yake Gahongayire, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Aliagiza pia usomwe kwa Kiswahili, lugha aliyoipenda kwa kugombana na watu. Aliagiza asiitwe "mtu aliyependwa na wote", maana hakupendwa na wote na hakuwahi kuomba. Na aliagiza wenzake wa sinema wasipewe kipaza sauti hata dakika moja, kwa hiyo walioandika hotuba wazirudishe mifukoni.

Mjane wake, mama Praxeda, aliomba habari za ugonjwa ziwe mistari miwili tu. Tangu Jumanne amekuwa akirudia kwamba alimdanganya mumewe mpaka pumzi ya mwisho, akamnyima nafasi ya kujiandaa mbele ya Mungu. Katika ratiba mliyoshika ipo mistari hiyo miwili. Christella atasoma zaidi ya hiyo, na mama amsamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 mtaa wa Ngagara, Bujumbura, mtoto wa tatu wa mzee Habimana, fundi seremala, aliyevuka mpaka kutoka Rwanda na mkewe mwaka mmoja na nusu kabla. Alibatizwa mwezi huo huo. Kiswahili alikiokota Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini humo humo, ambako kila Jumapili baada ya misa alikwenda na watoto wa jirani kuangalia sinema, za kaboyi na za Kihindi, akirudi nyumbani jioni na kusimulia si hadithi bali makosa. Dada yake anakumbuka kwamba akiwa na miaka tisa alikataa kula kwa sababu mwigizaji mmoja aliyepigwa risasi ya mguu wa kulia alitoka akichechemea kwa mguu wa kushoto, na watu wazima ukumbini walipiga makofi.

Alisoma shule ya msingi hapo Ngagara kuanzia 1967 hadi 1973, na sekondari mpaka kidato cha tatu. Mwaka 1974 shule iliandaa mchezo wa kuigiza uwanjani, habari za mfalme aliyesalitiwa na nduguze. Valens, miaka kumi na mitatu, akapewa kuwa maiti. Kazi yake ilikuwa kulala chini dakika kumi na mbili wengine wakimlilia. Siafu wakamwingia kwenye suruali. Hakutikisika. Mchezo ulipokwisha, walimu wakambeba juu juu aliyeigiza mfalme, kijana aliyekuwa akibweka kama anauza vitunguu, na maiti hakuna aliyemkumbuka mpaka Gahongayire alipokwenda kumwinua. Alilia njia nzima. Si kwa ajili ya siafu, bali kwa kuona kwamba watu hawajui kuangalia, wanajua kusikia makelele tu. Hakuigiza tena, na hakuwasamehe watazamaji wa dunia hii.

Baba yake alipofariki mwaka 1977 aliacha shule, akajifunza kazi ya miwani kwa mzee mmoja Mgiriki mjini Bujumbura. Alikaa naye miaka kumi na saba, akinoa lenzi na kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Mwezi Februari 1995 alihamia Kigali, nchi ya wazazi wake ambayo alikuwa hajaiona, na mwaka huo huo akafungua chumba chake cha kazi Nyakabanda. Kulikuwa na meza, taa, televisheni juu ya rafu, na benchi moja la wateja. Wateja hawakulikalia benchi hilo hata siku moja, maana lilitekwa na wapenzi wa sinema za zamani.

Mpenzi wa sinema, kwa maelezo ya marehemu, ni mtu aliyeona filamu moja mara arobaini bila kuiona. Walikuja kila Jumamosi saa nane mchana. Mkubwa wao alikuwa bwana Wenceslaus, Mtanzania, karani wa kampuni ya usafirishaji pale Remera, mpenzi wa filamu za Kihindi, ambaye kwake mwigizaji bora ni yule anayelia mpaka shati linalowa. Wa pili ni bwana Sharif, Mtanzania pia, muuza vipuri vya pikipiki na mpenzi wa filamu za kung fu, anayejua kila nati ya injini na bado anaamini kwamba mtu aliyekunywa chai ya majani milimani anaweza kuruka ukuta wa ghorofa mbili. Wako hapa, safu ya tatu, wamevaa miwani aliyowatengenezea.

Jumamosi moja ya mwaka 2009 waliangalia filamu ya askari anayefia mikononi mwa mama yake. Wenceslaus alikuwa ameshavua miwani, anajifuta macho. Marehemu, aliyekuwa ameinama mezani na fremu ya mteja, akasema bila kuinua kichwa:

"Kumi na moja."

"Kumi na moja nini, ndugu Valens?"

"Pumzi. Hii mutu imekufa tangu ile wimbo ianze, na iko napumua. Mara kumi na moja nimehesabu. Wafu wenu wa kule kwenu wanapumua?"

Sharif akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weye usicheke," marehemu akamgeukia. "Wa kwako wanapaa juu ya mabati kama njiwa."

"Ndugu Valens, wewe huna moyo," Wenceslaus akasema, na alimaanisha. "Yule mama kamlilia mwanawe mpaka sauti imekauka!"

"Sauti imekauka, na wanja iko pale pale. Nimewatengenezea macho, nyinyi wote wawili. Akili mutafute kwa fundi mwingine."

Wenceslaus alinuna miezi minne. Kila Jumamosi alikuja, akaketi kwenye benchi, asiseme neno, saa kumi na mbili akaondoka. Mwezi wa tano marehemu alimvua miwani usoni bila kuomba ruhusa, akabadilisha mkono uliolegea, akamvisha. Wasije watu wakasema hapo walipatana. Waliendelea tu, na wiki iliyofuata walikuwa wakibishana juu ya mwigizaji mwingine.

Dharau yake haikubagua. Aliwadharau wasimulizi wa agasobanuye, wale wanaoeleza filamu kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji wenyewe. "Munalipa mutu awaambie mulango umefunguka," alisema, "na mulango muko munauona." Aliwadharau wanaotokwa machozi kabla muziki haujaanza, na zaidi wanaosubiri muziki uwaruhusu. Mwaka 2021 kijana mmoja, Ishimwe, alianzisha kundi la WhatsApp la sinema za kale, likajaa watu zaidi ya mia mbili wanaotoa hukumu juu ya mwigizaji baada ya kuona kipande cha dakika mbili. Marehemu aliandika humo sentensi moja tu: "Nani kati yenu amewahi kukaa kimya?" Akaondolewa. Akarudishwa wiki ya tatu, kwa sababu bila yeye hakukuwa na wa kumchukia. Akaondolewa tena. Christella alikuwa mwanachama wa kundi lile na anakiri kwamba mara zote mbili mjomba alikuwa na haki.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Praxeda, mzaliwa wa Bukoba, aliyekuja Kigali kufundisha Kiswahili. Walijuana mwalimu huyo alipoleta miwani yenye kioo kilichopasuka, siku ya Jumamosi, akawakuta wanaume wametoa mishipa ya shingo juu ya kifo cha kaboyi fulani. Wakamgeukia awaamulie. Akasema, "Mimi sinema siziwezi. Watu wazima kukaa wanadanganyana, halafu mwingine analipa kuangalia." Marehemu aliweka bisibisi chini. Alimwambia Gahongayire jioni ile kwamba kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kigali amekutana na mtu asiye na maoni. Miwani ile ilichukua wiki sita kutengenezwa, kazi ya nusu saa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kirezi na Évode. Kwa miaka ishirini na saba mama Praxeda hakukaa hata filamu moja mpaka mwisho, na hakuwahi kumwambia mumewe uongo, kwa sababu hajui kuusema. Uso wake huwa mwekundu kabla mdomo haujafunguka.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alianza kupungua mwili. Tarehe 11 Juni daktari alimwita mama Praxeda peke yake na kumwambia ni saratani ya kongosho, imeshaenea, na kwamba miezi ilikuwa michache. Mama alitoka nje, akanawa uso, akarudi kwa mumewe na kumwambia ni vidonda vya tumbo. Alisema kwa sauti kubwa mno, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alifanya hivyo kwa mapenzi, familia inajua, na familia yote ilimfuata katika hilo.

Yaliyofuata nyumbani Nyakabanda yalikuwa mchezo mbovu kuliko wowote uliowahi kuonyeshwa Kigali. Mama, ambaye hajawahi kuimba, alianza kuimba jikoni. Alimkataza mumewe pilipili, mtu ambaye hajala pilipili tangu azaliwe. Sharif aliingia na kumwambia "Umenenepa!" mtu aliyekuwa ametoboa mkanda matundu manne mapya. Wenceslaus alikuja na vichekesho alivyoandika kwenye karatasi, akasoma cha kwanza, akashindwa, akatoka nje kulia nyuma ya tangi la maji, akidhani hasikiki. Kila jioni mama aliketi kando ya kitanda na kupanga habari za Desemba: safari ya Bukoba, na rangi mpya ya geti. Marehemu aligomba juu ya rangi hiyo kwa nguvu zote zilizobaki. Sisi tulishukuru Mungu kwamba hajui. Tulijiona hodari.

Jumanne tarehe 30 Septemba, alasiri, mama akiwa bado shuleni, Christella alikuwa amekaa naye. Mjomba akamwita karibu.

"Mama Kirezi anacheza mubaya," akasema. "Mubaya sana. Anaanza kucheka akiwa kwenye geti, akifika hapa kicheko kimekwisha, inabidi aanze upya."

Christella alijifanya hakuelewa. Mjomba akamtazama kama alivyowatazama watu wa benchi.

"Na weye usijaribu. Sharif aliniletea machungwa kilo tano, na hakuna mutu mwenye alimukataza. Mutu wa vidonda vya tumbo analishwa machungwa? Nimejua tangu Juni."

"Sasa mjomba, tumwambie?"

"Umwambie nini? Ile mama haijui kudanganya hata kidogo, na kila siku inarudi kujaribu. Akijua najua, atashusha mikono, tutabaki kulia sisi wawili mpaka siku ile ifike. Sitaki. Mimi nagombana juu ya geti, yeye anafurahi, anasema huyu bado ana nguvu. Mimi nacheza vizuri. Hajashuku."

Christella akalia, na kwa mara ya kwanza mjomba hakumkosoa mtu aliyelia. Akamwambia kwamba wiki mbili kabla, tarehe 16, padri wa parokia alikuja mama akiwa kazini. Mama alipomkuta anaondoka aliambiwa padri ameleta miwani yake itazamwe, akaamini. Miwani ya padri haikuwa na tatizo lolote. Mjomba alikuwa amemwita kwa simu mwenyewe, akafanya kitubio, akapokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Padri alirudi baadaye, tarehe 7 Oktoba, na miwani ile ile. "Siku ya kunizika umwambie," mjomba alisema alasiri ile ya Septemba, "mbele ya watu, ndio asikatae."

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Mama Praxeda alikuwa amemshika mkono, akimweleza kwamba fundi wa rangi amepatikana. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Kijani hapana." Kwa maneno hayo mama amekosa usingizi siku tatu, akiamini mumewe alikwenda mbele ya Mungu anafikiria geti.

Mama, hakwenda hivyo. Alikuwa ameshamaliza yote na Mungu wake, na muda uliobaki aliutumia kwako. Hukumnyima kitu. Alijua kila siku, kila neno, na kila siku alitega sikio asikie unafungua geti. Padri yuko hapa, upande wa kulia wa jeneza. Ya kitubio hatayasema, lakini kwamba alikuja, ameahidi kukuitikia kwa kichwa wasifu ukifika hapa. Mwangalie.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu Praxeda, binti yake Kirezi na mumewe, wa Kagugu, mwanawe Évode, dada yake Gahongayire, mpwa wake Christella, na bwana Wenceslaus na bwana Sharif, ambao hakuwahi kuwaita marafiki na hakuwahi kuwafungia mlango.

Pumzika kwa amani, Valens Nduwayo. Mkeo ameshajua.