Maisha ya Bwanaheri bin Msabaha, Mwalimu na Mchunguzi wa Chumvi

(Yamesomwa na mdogo wake, Kibwana bin Msabaha, baada ya maziko, Bagamoyo, Ijumaa tarehe 21 Agosti 1959)

Tuliyemsitiri leo ni Bwanaheri, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Msabaha bin Salumu na Bi Sihaba binti Kibwana. Alizaliwa Nunge, hapa Bagamoyo, Jumatano tarehe 12 Machi 1924. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, na nyumba yao ilikuwa karibu nayo kiasi kwamba Bi Sihaba alikuwa akilalamika kuwa nguo alizoanika zinakauka na weupe usiotakiwa. Utotoni Bwanaheri aliugua homa kali ya viungo. Akapona, lakini moyo wake ulibaki na udhaifu ambao hakupenda kuuzungumzia.

Alihitimu Kurani kwa Mwalimu Mwinyimvua, kisha akasoma shule ya serikali hapa Bagamoyo, na baadaye sekondari Dar es Salaam. Mwaka 1945 alikwenda Makerere, akarudi mwishoni mwa 1948 akiwa mwalimu wa sayansi. Alianza kufundisha kemia katika shule ya sekondari Dar es Salaam, na wanafunzi wake wanamkumbuka kwa upole, na kwa kutokubali kabisa chombo kisichooshwa.

Februari 1950 alimuoa Biubwa, binti wa yule yule mwalimu wake wa Kurani. Posa ilipopelekwa, Mwalimu Mwinyimvua alicheka, akasema, "Huyu nilimfundisha alifu na bee. Tabia zake nazijua, sina la kuuliza." Mwaka uliofuata Mungu akawajalia binti, Ashatu.

Septemba 1953 Bwanaheri alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Siku ya kuaga, Bi Sihaba alimuuliza anakwenda kusomea nini hasa.

"Chumvi, mama."

"Chumvi! Mwanangu, uvuke bahari zote hizo kwa ajili ya chumvi, na Nunge imejaa tele?"

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna mwanga unaoitwa infraredi, ambao jicho haliuoni, bali ngozi huusikia kama joto la jiko. Mwanga huo ukipitishwa kwenye kimiminika, chembe za kimiminika hunyonya sehemu yake, kila aina ya chembe sehemu yake maalumu, kufuatana na inavyotikisika. Bwanaheri aliyeyusha chumvi za maabara, si hii ya kupikia, katika asetoni, dawa kali ile inayotoa rangi ya kucha, akatazama kama ile sehemu inayonyonywa itahama. Ikihama, ni dalili kwamba chumvi na kimiminika vimeshikana.

Ilihama, tena vizuri kuliko alivyotarajia. Walimu wake walifurahi, na akapangiwa kusoma matokeo yake mbele ya idara nzima Machi 1955. Baada ya hapo angeandika tasnifu na kurudi nyumbani.

Siku chache kabla, alipokuwa akisafisha vyombo, aliona vile vioo vidogo vya kuwekea kimiminika vimeingia ukungu. Vioo hivyo havikuwa vya kioo, bali vya chumvi ya kawaida iliyosuguliwa ikang'aa, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia mwanga ule. Asetoni haiwezi kuila chumvi ya kawaida. Maji ndiyo yanayoila. Akapima asetoni tupu, isiyotiwa chumvi yoyote, kutoka chupa ile ile. Nayo sehemu yake inayonyonywa ilikuwa imehama. Unyevu ulikuwa umeingia katika chupa, na sehemu kubwa ya alichokiona kwa mwaka mzima ilikuwa kazi ya maji.

Alisimama mbele ya idara, akaeleza alivyokosea. Mwishoni profesa wake alisema, "Basi, anza upya. Na safari hii, chupa ziba vizuri." Watu wakacheka, na Bwanaheri naye akacheka.

Kuanza upya kulimaanisha mwaka mwingine mbali na nyumbani. Habari ilipofika, Bi Sihaba alilia. Biubwa, aliyekuwa amemshika Ashatu mkono, alimwambia, "Mwache amalize, mama. Akirudi na jambo lisilo sawa hatapata usingizi, na mimi ndiye nitakayekesha naye."

Alikausha kila kitu, akapima tena na tena. Mhamo uliobaki ulikuwa mdogo, lakini haukuyumba: chumvi ikiongezwa, nao unaongezeka. Huo ulikuwa wa kweli. Alipata shahada yake mwaka 1956, na matokeo yakachapishwa katika jarida la kemia.

Aliporudi, mama yake alimuuliza wakiwa mezani, "Kwa hiyo chumvi ikiyeyuka inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Kila chembe inazungukwa na chembe za kile kimiminika, zinaishika. Nazo zikiishika, mtikisiko wao wenyewe unabadilika."

"Na wewe umeziona?"

"Sijaziona. Nimeona mwanga uliopita kati yao."

Bi Sihaba akamsogezea sahani, akasema, "Haya, kula. Samaki anapoa."

Alirudi kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1957 akazaliwa Tabia. Mwanzoni mwa mwaka huu moyo ulianza kumshinda: miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Madaktari walifanya walichoweza. Mwezi Juni aliomba arudishwe Bagamoyo, na Biubwa alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Hakulalamika. Alilomsisitizia mkewe ni moja tu: "Watoto wasome, wote wawili. Mtu asikwambie huyu ni wa kike." Biubwa akamjibu, "Nani atathubutu kuniambia?" Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Agosti, baada ya sala ya adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake.

Ameacha mama, Bi Sihaba, mke, Biubwa, ambaye sasa yuko edani, mdogo wake, mimi Kibwana, na mabinti wawili: Ashatu, anayesoma darasa la pili, na Tabia, ambaye tangu jana, kila mlango unapofunguliwa, anaita, "Baba!"

Ewe Mola, mpokee Bwanaheri kwa huruma, ulipanue kaburi lake, na uwatie subira wanaomngoja mlangoni. Amin.