Babu Mkubwa Mwenye Nyumba Arobaini na Moja

Ting! Simu ya Burul ililia mara moja usiku, ikanyamaza. Alijua ni nini kabla hajaishika: mashine ya serikali, ile inayosoma maombi bila kulala, imemnyima tena hati ya nyumba. Mara ya nne. Asubuhi akaja nayo kwenye benchi letu ukutani mwa kinu cha unga, ambapo sisi wake wa ukoo mmoja hunywa chai wanaume wakiwa malishoni milimani. Sisi wengine nasi tumekataliwa, lakini waume zetu watashuka vuli na kudai. Burul ni mjane. Miaka thelathini na moja ameipaka chokaa nyumba ile, akamuuguza mkwewe, akamzika, kisha akamzika mumewe pia. Ijumaa maombi ya wajane yanafungwa, na asiye na hati, nyumba yake inarudi kwa baraza la kijiji. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

— Someni wenyewe, alisema, akailaza simu kando ya mkate. “Ombi limezuiwa. Kanuni ya saba.” Basi. Hata pole hakuna.

— Ndani ya mashine kuna karani, alisema Anarkan, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Mdogo kama panya. Anakaa gizani, hana mke, na akiona mwanamke anapata nyumba, roho inamuuma.

— Umemwona, Redio?

— Na upepo je, umewahi kuuona? Mbona unakuvua kilemba?

Zuura aliweka bakuli chini. Alifagia mahakama ya wilaya miaka ishirini, na tangu hapo jina lake ni Sheria.

— Acheni ushamba. Mashine hii imenunuliwa nchi isiyo na wakwe. Ikisoma habari za mkwe, inachanganyikiwa, inafunga mlango.

— Nchi isiyo na wakwe! alisema Redio. Nauli yake kiasi gani, shoga?

Tulicheka hadi muuza unga akachungulia dirishani.

— Mimi nasema achinjwe kondoo mbele ya ofisi, Redio aliendelea. Mkono mtupu haulambwi.

— Mashine italamba na nini? Haina ulimi.

— Ndiyo maana ina hasira!

— Vuta subira, dada Burul, alisema Sheria. Haba na haba hujaza kibaba. Leo wamekataa, kesho wanakataa, mwisho kibaba kinajaa, wanakupa.

— Kibaba cha kukataliwa nitakipika na mboga gani? Hebu nisogezeeni kile kigumu.

Alimaanisha birika la chuma. Tulimsogezea.

Redio akainama, akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

— Nitasema ukweli, msinipige. Mashine inajua mkweo hajafa. Imemwona.

— Nimepita kaburini kwake jana, alisema Burul. Hajatoka.

Hapo gari lilisimama, akashuka binti mwenye kompyuta kifuani, vumbi hadi kwenye nyusi. Alitusalimia kwa adabu, akamega mkate kama impasavyo mgeni, akasema anaitwa Cholpon, ametoka ofisi ya mkoa, kazi yake kutengeneza kanuni za mashine zinapokwama.

— Nimekuja kumtafuta mtu, mama zangu. Kanuni ya saba inasema marehemu mmoja akitajwa kwenye nyumba zaidi ya tatu, maombi yote yazuiwe mpaka achunguzwe. Hapa kijijini kuna mmoja mwenye nyumba arobaini na moja.

— Arobaini na moja! Redio alisimama. Mwizi huyo! Mtaje, tumjue!

— Ameandikwa Babu Mkubwa.

Sheria alipaliwa na chai. Redio aliketi taratibu kuliko alivyosimama. Maana kwetu mkaza mwana halitamki jina la mkwewe, wala la mzee yeyote wa ukoo wa mumewe. Hata neno lililomo ndani ya jina hulikwepa, ndiyo maana Burul, ambaye jina la mkwewe kwa lugha yetu limebeba chuma ndani yake, hajataja chuma tangu aolewe. Kwa hiyo kila mmoja wetu, alipofika penye jina la mwenye nyumba wa kwanza, aliandika vile anavyomwita mkwewe nyumbani: Babu Mkubwa.

Tulipomweleza, Cholpon alicheka mpaka akafuta machozi na vumbi pamoja.

— Kanuni haina kosa, nanyi hamna kosa. Lakini siwezi kuifumbia macho. Majina ya wenye nyumba ninayo humu, ila siruhusiwi kuwasomea. Mwombaji alitamke mwenyewe, nami nilinganishe. Tuanze na mama Burul, siku yake ni kesho. Mkweo aliitwa nani?

Swali jepesi, la mtoto. Redio aliangalia viatu vyake. Sheria alipuliza chai iliyokwisha kupoa.

— Mimi nitamngoja mume wangu ashuke, Redio alinong'ona.

Burul hakuwa na wa kumngoja. Alizungusha bakuli mikononi.

— Siku ya kwanza kumwandalia chai, nilimmwagia mkononi. Mbele ya wageni. Akaufunika mkono kwa mkono wa joho lake, akasema birika ndilo limeteleza. Miaka yote aliyoishi, nikivunja, nikiunguza, birika ndilo limeteleza.

— Sasa je, hatakasirika? aliuliza Sheria.

— Atasema birika limeteleza.

Akasimama. Alikaza kilemba, akageukia kilima chenye makaburi, akakutanisha mikono kifuani, akainama mara tatu, kama alivyoinama siku alipoletwa bibi arusi. Cholpon aliweka vidole tayari. Hata Redio alizimika.

— Temirkul, alisema Burul.