Risala ya Waonjaji wa Nyamasaria: Uso wa Ruqayya Utoke Kwenye Boksi

Mgeni rasmi, Bwana Fabian Waswa, mkurugenzi wa kampuni ya kufungasha chai ya Kisian,
Bwana Walter, afisa wa mauzo,
Wazee wetu, kina mama, na majirani mliofunga biashara ili mje kusikiliza:

Tunawasalimu kwa salamu ya msikitini na ya kanisani, maana kikundi hiki kina watu wa kote kuwili. Anayesoma ni Jacinta, katibu wetu. Sauti ni yake, lakini maneno ni yetu sote, na asitokee mtu wa kumlaumu yeye peke yake.

KUKUKARIBISHA

Karibu Nyamasaria, mgeni rasmi. Karibu chini ya turubai hili tuliloazima kanisani, kwenye viti tulivyoazima madrasa. Tunajua umekuja kuzindua rasmi boksi jipya la chai ya stroberi, ingawa madukani liko tayari, na kutugawia miavuli ya biashara yenye rangi za kampuni yako. Miavuli tumeiona imeegeshwa pale ukutani. Ni mizuri, hatuna la kuitia kasoro.

Bwana Walter alitushauri risala iwe fupi na ijae shukrani. Kuhusu ufupi tutajitahidi.

TULIVYOANZA

Sisi ni wauza chai wa kando ya barabara ya Nairobi. Tulianza kukutana ili tununue tangawizi na iliki kwa pamoja sokoni Kibuye, kwa kuwa mtu akienda peke yake anauziwa takataka. Ikawa kabla ya kununua lazima tuchemshe, tuonje, tubishane. Mabishano yetu si ya mchezo. Celestine na Ruqayya walikosana kwa sababu ya mdalasini, na mpaka leo hawakai benchi moja. Mkiangalia mtaona mmoja yuko kulia na mwingine kushoto.

Huyu Ruqayya, ambaye wengi mnamwita Mama Shakir, ndiye risala hii inamhusu. Ni yule wa leso ya kijani aliyekunja mikono. Mama Shakir hajui kuficha. Akionja kitu kibaya, uso wote unakunjamana kabla hajameza, na akionja kizuri anafumba macho na hataki kusemeshwa. Anajisifu pia, tena sana, na sisi humwambia apunguze. Lakini alipofika hapa na birika moja, hana mume wala duka, mdomo huo ndio uliompa wateja. Watu walijua kwamba Mama Shakir akisema chai ni nzuri, ni nzuri kweli. Hana mali nyingine.

YA KUJIVUNIA

Walimu na wanafunzi wa Maseno wakirudi kutoka Nairobi huteremka hapa kwanza kunywa chai, ndipo waendelee na safari. Hilo tunajivunia, na hatutalirefusha.

SIKU YA KUONJA

Sifa hizo ndizo zilizomleta Bwana Walter. Alisema kampuni ina chai mpya za vifuko, zenye viungo na ladha mbalimbali, na inataka zihukumiwe na watu wa Kisumu wenyewe. Tulifurahi. Mama Shakir alifurahi kutuzidi. Alivaa buibui lake la Idi na akaja mapema kwenye ukumbi wa kanisa akashika kiti cha mbele.

Bwana Walter alitufundisha kuonja kwa kitaalamu. Chai iwe strungi, bila maziwa, bila sukari. Uivute kwa kelele mpaka ifike nyuma ya ulimi, halafu uiteme kwenye ndoo. Mgeni rasmi, tulitazamana. Mama Shakir alikumbuka mama yake, ambaye mtoto akivuta chai kwa kelele alimwondoa mkekani. Na kutema chai ya mtu mbele ya macho yake! Ndoo ilikaa pale kavu, na sisi tukameza kila kikombe kwa adabu.

Mbele ya kila chai kulikuwa na mikebe miwili. Mmoja uliandikwa TAMU, wa pili SI TAMU. Kila mwonjaji alipewa punje za mahindi atumbukize anapoona ni haki.

Ikaja chai ya tangawizi na iliki. Mama Shakir alimeza, akafumba macho. Tangawizi ilimpanda mpaka masikioni, iliki ikafuata nyuma taratibu, na zote mbili zilikuwa za kweli, zilizotoka shambani. Anasema aliwaza kwamba kama chai hii itauzwa madukani, hata yeye ataacha kutwanga alfajiri. Kisha akafungua macho akaona swali: tamu au si tamu? Akajijibu kwa ukweli kwamba hii haina hata chembe ya sukari. Akatia punje yake kwenye SI TAMU, akakaa kusubiri swali la pili, yaani ni nzuri au si nzuri.

Ikaja ya stroberi. Kifuko chenyewe kilikuwa kimetiwa utamu, na ulimi uliujua mara moja. Ilikuwa tamu kama peremende. Mama Shakir alikunja uso, akatia punje kwenye TAMU, maana kweli ilikuwa tamu, na yeye hasemi uongo hata kwa mahindi. Sisi wengine tulifanya hivyo hivyo kwa chai zote mbili.

Mzee Opondo, mteja wetu aliyekuwa amesimama mlangoni, alipewa kikombe kimoja, akanusa, akasema, "Mama Shakir, ma en ang'o, hii ni nini? Ni chai ama ni lotion?"

"Paka miguu, Mzee, uone kama itang'aa," Mama Shakir akamjibu, akaangua kicheko. Hapo ndipo Bwana Walter alipompiga picha.

Mwisho Mama Shakir aliinua mkono. "Bwana Walter, swali la pili liko wapi?"

"Ni hilo tu, madam. Asanteni, mmetusaidia sana."

Akatoka akiwa na wasiwasi, na alituambia hivyo tukiwa njiani.

Tunajua kuna atakayesema kwamba tamu ni nzuri, na nzuri ni tamu. Ni kweli. Tukila samaki tunasema ni tamu, na hakuna anayedhani ametiwa sukari. Hata kwa Kijaluo neno ni moja, mit. Lakini wewe umenyang'anya chai sukari yake, ukamkalisha mtu aliyezoea vijiko vitatu, ukamuuliza kama ni tamu. Ulitarajia ajibu nini? Swali lilikuwa bovu, mgeni rasmi. Hatutabeba ubovu wa swali mgongoni kwetu.

YALIYOMPATA MAMA SHAKIR

Boksi likatoka. Mbele lina uso wa Mama Shakir unaocheka, na chini yake maneno: "TAMU! Chaguo la Mama wa Kisumu." Uso ule ulikuwa unaicheka chai hiyo hiyo. Hakuna aliyekuja kumuuliza kama anakubali. Ile ya tangawizi na iliki mkaiacha kabisa, mkasema imekataliwa na wananchi.

Mzee Opondo hakuwa amemaliza. Mke wake alinunua boksi kwa kuuona uso anaoujua. Asubuhi Mzee mwenyewe alikuja nalo kibandani, hakukaa.

"Mama Shakir, mimi nilikusikia na masikio yangu ukicheka hii kitu. Sasa ulilipwa ama ulibadilisha mdomo?"

"Wallahi Mzee, sikulipwa, na sikubadilisha."

"Basi huyu ni nani hapa?" Akaliweka boksi juu ya meza, akaenda kunywa chai ng'ambo ya barabara.

Mama Shakir anasema angetukanwa asingeumia hivyo. Wengine wakamfuata Mzee Opondo, kwa kudhani hata kwenye birika lake sasa kuna vifuko vya stroberi. Watoto wanampigia kelele, "Mama Stroberi!" Akipita mbele ya duka kubwa anavuta leso usoni, yeye ambaye hakuwahi kuona aibu mbele ya mtu. Siku moja Celestine, ndiyo, huyo huyo wa mdalasini, alimkuta nyuma ya kibanda akilia. Hawakusemezana, lakini Celestine alirudi kwetu akasema jambo hili halivumiliki. Risala hii imetokana na yeye.

Baadaye Bwana Walter alikuja na habari ya miavuli, na kwamba Mama Shakir atafanywa balozi wa chai ya stroberi. Alimwambia, "Madam, wewe sasa ni staa." Akamjibu, "Mimi ni mwonjaji. Nirudishie uso wangu." Bwana Walter akacheka, akidhani ni mzaha.

TUNACHOTAKA

Kwa kawaida hapa ndipo watu huanza kuomba. Sisi hatuombi.

Tunataka uso wa Ruqayya utoke kwenye kila boksi, na yaliyoko madukani yarudi Kisian. Tunataka chai zionjwe upya, hapa hapa, mbele ya watu. Boksi jipya hatutalizindua leo, na hakuna mkono wa kikundi hiki utakaolikatia utepe. Miavuli irudi na gari lililoileta. Jua la Nyamasaria tumelizoea, na mvua pia.

Na safari hii swali tutaliuliza sisi. Ni lile tunaloulizana tukibishana juu ya viungo, nalo huumaliza ubishi: "Akija mgeni kwako, utampa hii?" Hapo mtu hawezi kujidanganya, kwa sababu mgeni hata ukimkasirikia, ukimpa kitu kibaya aibu ni yako.

Leo asubuhi tulimuuliza Mama Shakir atakupikia nini wewe. Boksi la stroberi lilikuwa mezani. Alikutaja kwa majina ambayo Jacinta amekataa kuyaandika. Kisha akainuka, akawasha jiko, akaanza kutwanga tangawizi. Kikombe unachokunywa tangu tuanze kusoma, mgeni rasmi, ambacho tumeona umeongezewa mara ya pili, ni cha mikono yake.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie afya na wateja, na akujalie kuuliza vizuri. Maliza chai yako taratibu. Ukimaliza usimame, umtazame mwenyewe pale alipokaa, umwambie uso wake unatoka lini.

Ni sisi,
Kikundi cha Waonjaji na Wauza Chai, Nyamasaria