Mnara wa Diwani Crabtree Usizibwe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Ambrose weka chini hiyo kofia mpya, najua umeinunua kwa sherehe ya sanamu yangu na hali baba yako bado anapumua. Keturah, mama, acha kunirekebishia mito. Daktari kanipa mpaka Jumapili, na mafundi wa Meya wanapanda mnarani Jumatatu, kwa hiyo nisikilizeni sasa, maana nikishakufa sitaweza kubishana na mtu, na mnajua nilivyopenda kubishana.

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mhandisi wa mji huu wa Hebblethorpe, na kila nyumba inayomwaga majitaka yake bila kumpelekea jirani, inamwaga kwenye mifereji yangu. Diwani Crabtree alinipinga miaka kumi na mmoja mfululizo. Alikuwa akisimama kwenye baraza la madiwani, tumbo mbele, anasema, "Thackray, baba yangu aliivuta harufu hii akafika miaka tisini. Wewe unatuletea mashimo." Katika miaka hiyo dada yenu Tabitha alishikwa na homa ya matumbo, tukiishi Mtaa wa Sowden, akafa ana miaka sita. Nyinyi hamkumjua. Crabtree sikumsamehe, na hata hapa kitandani bado sijamsamehe, Mungu atanivumilia kidogo.

Basi Crabtree akafa, na mifereji ikajengwa. Lakini mifereji nayo inataka kupumua. Hewa yake mbaya isipotolewa juu, hurudi majumbani. Nikaomba bomba refu pale Uwanja wa Soko. Wakubwa wakakataa katakata: "Bomba la uvundo mbele ya milango yetu? Una akili wewe?" Wiki ileile wakaniita niwachoree mnara wa kumkumbuka Crabtree, palepale uwanjani. Nikawachorea. Futi sitini, mawe ya kupendeza, na juu kabisa mtungi wa chuma wenye matundu yaliyochongwa kama maua. Waliusifu sana, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini uko wazi ndani kutoka juu mpaka chini.

Usicheke, Ambrose, utanichekesha na kifua hakitaki.

Ndiyo, Diwani Crabtree ndiye bomba. Kila mwaka wanamwekea mashada, mabibi wanashika leso puani, na gazeti linaandika kwamba mji mzima ulilia. Mjane wake aliwahi kuniambia, "Bwana Thackray, nikisimama hapa nahisi kabisa kwamba mume wangu yupo." Nikamjibu, "Hata mimi, bibi."

Sasa Meya, kwa wema wake, ameamua kuung'oa ule mtungi, azibe juu kwa bamba la chuma, halafu anisimamishe mimi wa shaba, nimeshika ramani. Nakiri nilifurahi. Siku mbili nzima nilijiona kule juu nimemkanyaga Crabtree kichwani. Halafu nikakumbuka ile hewa itakwenda wapi. Itarudi Mtaa wa Sowden, kwenye vyumba wanamolala watoto wa watu.

Keturah, una ulimi kama wangu. Nenda kwa Meya leo hii, umwambie baba ameikataa heshima hiyo kwa unyenyekevu. Atashangaa, kwa kuwa ananijua. Wewe kaza uso. Ukweli usiuseme, maana akina Crabtree wakiujua wataubomoa mnara kabla sijapoa. Ambrose, utamsindikiza dada yako, na utanyamaza.

Meya aking'ang'ania kunikumbuka, mwambieni sawa, mzee anataka sanamu ndogo tu, pale kona ya kanisa la Wamethodisti. Nimeomba bomba pale miaka tisa, wakaninyima. Mchoro uko kwenye droo ya chini. Fundi aufuate kama ulivyo. Matundu yako kwenye kofia yangu.

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Vipimo vyangu ni vya Keturah, yeye ndiye anayejua kuvisoma. Msinuniane. Mungu awatunze... awape watoto wabishi. Mkija kuniwekea maua, njooni na leso... watu watadhani mnalia. Mwaka wa kwanza labda... mtalia kweli.

Keturah, mama... fungua dirisha. Hewa... itoke.