Punje za Mwalimu Micah arap Kosgei, 1913–1958

Tarehe mtakazosikia hapa zimetoka katika kitabu cha mahudhurio cha shule, ambacho ndani ya jalada lake aliandika miaka ya maisha yake, kwa sababu marehemu hakuacha karatasi nyingine. Jana Ijumaa mjane alinikabidhi kitabu hicho mimi, Chepchirchir, dada yake mdogo, niandike wasifu huu. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, na si kwa ajili ya tarehe tu. Wengi mliosimama hapa mnajua nilichokuwa natafuta, maana hata ninyi mmekiogopa kitabu hicho miaka mingi.

Mwalimu Micah arap Kosgei alizaliwa mwaka wa 1913, wakati wa kupalilia wimbi, upande wa Sotik. Mwaka wa 1921 baba yetu alihamia hapa Mau Narok kuchunga ng'ombe za mzungu, na familia ikamfuata kwa miguu. Mama alitusimulia kwamba Micah alibeba kuku kikapuni, kuku akataga njiani, na mtoto akalishika yai mkononi siku mbili bila kulivunja. Alipofika alimpa baba na kusema, "Hili lako, si la mzungu."

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1926. Baba hakumpeleka kwa kupenda. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika, hakuweza tena kukimbiza ng'ombe, basi akaonekana hana kazi nyumbani. Alimaliza darasa la nne mwaka wa 1931.

Tarehe 20 Agosti 1938 alimwoa Chepkurui kanisani. Baba mkwe alikuwa amemuuliza binti yake, "Huyu kiwete atakulisha herufi?" Chepkurui akamjibu, "Baba, barua zako zote unasomewa na nani?" Mzee alicheka, na harusi ikafanyika.

Kuanzia mwaka wa 1935 alikuwa karani wa mizani ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwenye shamba la mzungu. Kila siku aliwaona watoto wetu wakileta vikapu vya maua, na hakuna hata mmoja aliyejua kama kipimo kilichoandikwa ni cha kweli. Mwaka wa 1949 alimwomba mwenye shamba banda la zamani la kukaushia pareto, akatengeneza viti kwa mabanzi, akaacha mizani na kuanza kufundisha. Watoto walichuma maua mpaka saa nne, ndipo wakaingia darasani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu anaachaje kazi ya kalamu ofisini akakae na watoto kwenye vumbi la pareto? Ametumwa na nani? Baadaye zilikuja zile shida za hali ya hatari, na kila mwenye kitabu mkononi alitazamwa vibaya.

Mwaka wa 1954 afisa wa elimu alikuja akasema banda halitapewa cheti cha shule bila wanafunzi arobaini. Akitimiza hao, serikali italeta mwalimu wa pili na madawati. Asipotimiza, ataruhusiwa muhula kwa muhula tu. Micah aliita wazazi. Mzee Kiplangat alisimama wa kwanza.

"Mwalimu, ng'ombe zangu sihesabu mbele ya watu. Nitakubali uhesabu watoto?"

"Mzee, sitahesabu watoto. Kila mtoto atoke nyumbani na punje moja ya mahindi, atie kwenye mkebe huu wa majani ya chai. Mimi nitahesabu mahindi."

"Na hayo mahindi utakula?"

"Nitawapa kuku wa mke wangu, mama Kiptanui. Hao ndio wanajua shule ina watu wangapi."

Watu walicheka, na wengi wakakubali. Mimi sikucheka. Mwaka wa 1946 karani alipita nyumba kwa nyumba akihesabu watoto, na mwezi huo huo surua ikamchukua kijana wangu. Nilimwambia kaka yangu mbele ya wote, "Punje ikitoka kwangu ni mtoto wangu hiyo. Binti yangu Cheptanui hatakuja."

Mwaka wa 1955 nilimwona Micah kwenye mlango wa ofisi ya shamba, kitabu kwapani, akiongea na nyapara, na kicheko kikasikika. Nilimsubiri njiani.

"Micah, unampa majina ili watoto wachume mpaka jioni?"

"Nimemwomba awaachilie saa tatu badala ya saa nne."

"Na amekubali?"

"Hapana."

"Basi mlikuwa mnacheka nini?"

"Yeye ndiye alicheka, dada."

Sikumwamini, na nililisema hilo la majina kisimani na kanisani. Waliolisikia kwangu wasitafute mwingine wa kulaumu.

Alianza kukohoa Oktoba 1957. Alilazwa hospitali Nakuru kuanzia Januari hadi Machi, akarudi, akafundisha ameketi. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 12 Juni 1958, saa tatu asubuhi. Asubuhi hii, kwenye foleni ya chai, nimesikia watu wawili wakisema ameuawa na kule kuhesabu. Sitawataja. Daktari alisema ni mapafu, na Micah alikaa miaka kumi na minne kwenye vumbi la mizani na mingine tisa ndani ya banda.

Katika kitabu sikuona mahali popote palipotajwa nyapara. Niliona punje za kila siku zikiandikwa, na tangu mwaka jana hazikuzidi thelathini na tisa. Chepkurui aliwahi kumwambia mumewe, "Tia moja yako mwenyewe, afisa atajua nini?" Akamjibu, "Hiyo moja itakuwa ya nani?" Jibu liko kwenye mstari wa mwisho wa kila ukurasa, kuanzia mwaka wa 1955: "Cheptanui, binti wa dada yangu." Mbele ya jina hakuna alama hata moja. Kila muhula aliliandika upya akaliachia nafasi.

Jumatatu, tarehe 16, afisa anarudi kwa mara ya mwisho. Punje zikipungua arobaini, banda linarudi kwa pareto.

Mwalimu ameacha mjane wake Chepkurui. Wanawe Kiptanui aliye kazini Nakuru, Chepng'eno na Kipkemoi. Dada yake Chepchirchir. Mpwa wake Cheptanui. Na watoto wa banda, ambao hakuna mtu atakayewahesabu hapa leo.

Asubuhi hii nimepukuchua hindi moja. Punje iko kwenye fundo la leso yangu, na Jumatatu nitampa Cheptanui mkononi. Nitatembea naye mpaka mlangoni, nisikie mwenyewe ikianguka kwenye mkebe. Bado naogopa. Pumzika kwa amani, kaka. Mstari ule utapata alama.