Mlango wa Tabaka

Benchi liko nje ya ukumbi wa maigizo, na kahawa ya hapo ni chungu, ila ndimi za wanaoinywa ni chungu zaidi. Asubuhi ile walimzunguka Tabaka, mchoraji, aliyekuwa ametoa nje pazia la jukwaani likauke juani: kitambaa kizito kilichowambwa kwenye fremu kubwa ya mbao, kimechorwa ukuta wa nyumba na mlango wake. Tabaka roho mkononi. Msitu aliochora mara iliyopita, watazamaji waliuliza ni mchicha wa nani. Shemeji yake, mkuu wa kikundi, akamwambia waziwazi: jioni hii wakicheka tena, rudi ukapake rangi vyoo.

— Rudini nyuma! — alisema Tabaka. — Karibu ni madoa, mbali ni mbao. Hapo nimeburuza brashi kavu tu, mistari ya mbao ikajitokeza.

Dizeli, fundi magari, akarudi kinyumenyume mpaka akatumbukia mtaroni.

— Ee, sasa naona mbao. Na soksi imelowa.

Hakimu, karani mstaafu asiyewahi kukosa la kusema, akanyoosha kikombe.

— Ukuta una ufa huo.

— Nimeuchora makusudi, mzee wangu. Ni nyumba ya maskini.

— Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta wenyewe kitambaa!

— Ndiyo maana nakwambia uwahi.

Tabaka akameza kahawa yote kwa hasira, ikamuunguza. Angewafukuza, lakini leo alihitaji hata sifa ya mjinga.

— Na hicho kivuli cha kitasa, — alisema Dizeli, — mbona kimelala kushoto?

— Taa ya jukwaani itakuwa kulia.

— Umeme ukikatika?

— Kivuli kitabaki peke yake! — Hakimu akadaka. — Kivuli bila mwanga ni uchawi huo. Watu watakanyagana. Mchovya asali hachovyi mara moja.

— Asali imetoka wapi tena?

— Wewe chora. Kufikiri tuachie sisi.

— Mimi naogopa wezi, — alisema Dizeli. — Mlango wa kweli namna hii, lazima waje kuvunja kitasa. Uwekee mlinzi.

— Mlinzi naye achorwe, — alisema Hakimu. — Wa kuchorwa halali kazini.

Muuza kahawa akaweka birika chini, akausogelea mlango, akaita:

— Hodi wenyewe!

Benchi zima likaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza wiki ile Tabaka naye akacheka. Moyo ukamkunjuka. Shemeji atakoma.

Ndipo akaja dada mmoja wasiyemjua, nguo za maigizo begani.

— Hamjambo? Mimi ndiye mama mwenye nyumba hii, kwenye mchezo. Nyumba inashika moto, natoka mbio na mtoto mgongoni.

Akaupapasa mlango kwa kiganja, juu mpaka chini, kisha pembeni.

— Kazi nzuri, kaka, hongera. Sasa mimi natokea wapi?

Hakimu akanyoosha kikombe aongezewe kahawa. Dizeli akainama kukamua soksi. Muuza kahawa akatikisa birika, tupu. Tabaka, aliyehangaika na kitasa na bawaba asikumbuke kuacha nafasi ya mtu kupita, aliutazama mlango wake, akatamani ufunguke apite yeye kwanza.